Nyasi Hazitunzi Siri

Rangi ya ukuta huchukua miaka kuchakaa. Bati likiingia kutu, kutu hiyo inajificha juu huko ambako hakuna anayepanda. Mabomba yanaoza ardhini bila kumwambia mtu. Katika nyumba nzima, kitu kinachowahi kutoa habari za mwenyewe ni nyasi za mbele: mvua zikiwa nzuri, wiki mbili tu bila kukatwa zinatosha. Akiugua, zinasema. Akisafiri, zinasema. Akifiwa, akiachishwa kazi, akikosana na mwenzake wakawa wanavutana nani ashike mashine ya kukatia nyasi, zinasema, tena zinawaambia watu wasiohusika kabisa: mpita njia, mleta barua, jirani wa ng'ambo ya barabara ambaye hata jina lako halijui.

Nina kipande changu cha ukoka mbele ya nyumba, si kikubwa. Nikisikia watu wakishangaa kwa nini mtu mwenye akili timamu anaitoa asubuhi yake ya mapumziko kukata mmea asioula, asiouuza wala asiolala juu yake, jibu langu huwa ni hilo. Anawahi kukanusha uvumi kabla haujaanza.

Na uvumi wenyewe una uzito. Mikopo ya nyumba ilipoporomoka Marekani mwaka 2008, familia nyingi zilihama, benki zikabaki na nyumba zisizo na mtu. Dalili ya kwanza iliyoonekana barabarani ilikuwa nyasi. Majirani waliobaki wakavuka mpaka na mashine zao, wakawa wanakata nyasi za nyumba isiyo na mwenyewe. Hawakuwa wakiisaidia benki. Walijua kwamba nyumba yenye nyasi za magotini inashusha bei ya zile za kushoto na kulia, na kwamba mwizi naye anajua kusoma nyasi. California wakajitokeza wafanyabiashara wa kupuliza rangi ya kijani juu ya nyasi zilizokauka. Rangi kabisa, ya kunyunyiza kwa pampu. Hakuna aliyedai kwamba nyasi hizo zimefufuka. Kilichokuwa kikinunuliwa ni dalili kwamba hapa yupo mtu na hajakata tamaa.

Ukishaliona hilo, hasira ya watu juu ya nyasi za mwenzao inaanza kueleweka, ingawa haiwi ya haki kwa sababu hiyo. Miji mingi ya Marekani ina sheria ndogo zinazotaja kikomo cha urefu wa nyasi, mara nyingi kati ya sentimita 20 na 30. Ukipitisha unaandikiwa barua, ukikaidi wanatumwa watu kukata, na bili inakuja kwako. Hebu fikiria ni mimea mingapi ambayo serikali huipima kwa rula. Mti wako unaweza kwenda juu utakavyo mpaka uguse nyaya za umeme ndipo mtu aje kuuliza. Nyasi zinaulizwa mapema kwa sababu zinachukuliwa kuwa tamko la mwenye nyumba, na mtu aliyenyamaza hukisiwa mabaya.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kwa sehemu kubwa ya historia, nyasi fupi zilipatikana kwa njia mbili: mnyama au mundu. Mnyama alikuwa rahisi, mundu ulikuwa ghali, maana ulihitaji mafundi wengi wa kufyeka alfajiri wakati umande ungali kwenye majani na nyasi zimesimama laini. Kwa hiyo eneo kubwa la nyasi zilizofyekwa sawasawa, lisilo na hata mbuzi mmoja, lilimwambia mgeni jambo moja bila kupepesa: mwenye eneo hili ana ardhi ya kutosha kuiacha isizalishe kitu, na ana watu wa kutosha kuwalipa waihudumie hivyo hivyo isivyozalisha. André Le Nôtre aliweka nyasi za namna hiyo katikati ya bustani ya Versailles katika karne ya 17, na mpaka leo zinaitwa Zulia la Kijani. Uingereza, karne iliyofuata, Lancelot Brown, aliyejulikana zaidi kwa jina la utani la Capability, alivunja bustani za mistari na kuzungushia majumba ya mabwana nyasi zinazoteremka kama zimejiotea zenyewe. Mifugo ilizuiwa kwa mtaro uliochimbwa kando, wenye ukuta upande mmoja, usioonekana ukiwa dirishani. Bwana aliwaona ng'ombe wake kwa mbali, mandhari nzuri, lakini ng'ombe hakufika mlangoni.

Ng'ombe huyu alimshughulisha sana Thorstein Veblen, mwanauchumi wa Marekani, mwaka 1899. Hoja yake ilikuwa kali na ya kuchekesha kwa pamoja: nyasi zilizokatwa zinatuvutia kwa sababu zinafanana na malisho, basi kiumbe anayefaa kabisa kuzipamba angekuwa ng'ombe, lakini ng'ombe hafai kwa kuwa ana faida. Akionekana, watu watadhani unabana matumizi. Kwa hiyo matajiri wakaweka swala na paa badala yake, wanyama ambao uzuri wao hauwezi kushukiwa kuleta hata glasi ya maziwa. Karibu miaka ishirini baadaye, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Rais Woodrow Wilson alifuga kundi la kondoo kwenye nyasi za Ikulu ya Marekani, na sufu yao ikapigwa mnada kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Ilisifiwa kama kitendo cha kizalendo, maana vitani hata rais anaruhusiwa kuonekana anabana matumizi.

Kilichoziteremsha nyasi fupi kutoka kwa mabwana hadi kwa karani na fundi ni kiwanda cha nguo. Edwin Budding, fundi mitambo wa eneo la Stroud, Uingereza, alikuwa akifahamu mashine ya viwanda vya sufu yenye visu vilivyozungushwa kwenye mhimili, inayopunguza malaika ya kitambaa yabaki usawa mmoja. Akaona kinachofanyika kwenye kitambaa kinaweza kufanyika kwenye nyasi. Alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1830, na katika maelezo yake akaongeza kwamba waungwana wa mashambani wataona kuisukuma mashine hiyo ni mazoezi ya kufurahisha, yenye manufaa na afya. Mimi sentensi hiyo huiona kubwa kuliko visu vyenyewe. Kazi iliyokuwa ya vibarua inatolewa kwa bwana kama burudani, na bwana anaipokea. Mashine za leo zina injini, betri, nyingine zinajiendesha usiku mwenye nyumba amelala, lakini mauzo bado yanategemea wazo lile lile: kwamba hii si kazi, ni kupumzika.

Halafu ikaja itikadi. Mwaka 1870 Mmarekani Frank J. Scott aliwaandikia wenye nyumba za pembezoni mwa miji kwamba hakuna pambo la kiwanja linaloshinda nyasi zilizonyolewa laini, na kwamba kuzizungushia ua mrefu ili wengine wasizione ni tabia isiyo ya Kikristo. Hapo nyasi zilibadilika umiliki kwa namna ambayo hakuna wakili aliyeiandika. Ardhi ni yako, kodi unalipa wewe, jasho ni lako, lakini kuziona ni haki ya mtaa. Nyasi za mbele za nyumba kumi zisizo na ua kati yao zinaonekana kama bustani moja ndefu, na kila mwenye nyumba anakuwa mtunzaji wa kipande cha mali ya watu. Anayezembea anaonekana ameharibu cha wote.

Kampuni ya familia ya Levitt ililiweka hilo kwenye maandishi. Ilipoanza kujenga maelfu ya nyumba zinazofanana katika Levittown, New York, mwaka 1947, mkataba ulikuja na masharti: usijenge ua, na nyasi zikatwe kila wiki katika msimu wa kukua. Abraham Levitt, baba wa familia, alikuwa mpenzi wa bustani na aliwahimiza wakazi kuhusu nyasi kwa bidii ya mhubiri. Wengi wao walikuwa wametoka vitani na hawajawahi kumiliki ardhi. Sioni ajabu kwamba walizitunza. Ukipewa kwa mara ya kwanza kitu ambacho babu yako alikiona kwa bwana tu, hutaki mtu aseme hukustahili. Ila mikataba ya Levittown ilikuwa na sharti jingine, la kuwafungia nje watu weusi, na ule utulivu wa kijani ulioonekana kwenye picha za enzi hizo ulitunzwa na masharti yote mawili kwa pamoja.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii ni cha klova, kimmea cha jamii ya kunde chenye majani matatumatatu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mbegu za bustani ziliuzwa zikiwa zimechanganywa na klova, kwa makusudi. Ilipendwa. Nyuki wanaifuata, na mizizi yake inashirikiana na bakteria kunasa naitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo bila malipo. Kisha ikaingia sokoni dawa ya 2,4-D, iliyobuniwa wakati wa vita na kuanza kuuzwa katika miaka ya 1940, inayoua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi zimesimama. Kwa dawa hiyo, klova na gugu ni kitu kimoja. Dawa haikulaumiwa. Klova ndiyo iliyohamishiwa upande wa magugu, ikatolewa kwenye pakiti za mbegu, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wakakua wakijua kwamba klova ni uchafu. Naitrojeni iliyokuwa ikija bure ikaanza kununuliwa kwenye mifuko. Mtu anayekwambia kwamba macho ya binadamu yameumbwa kupenda nyasi za aina moja tupu, muulize macho ya babu zake yalikuwa yameumbwa vipi.

Zaidi ya hapo, mipaka kati ya nyasi na gugu inategemea sana uko wapi. Nyasi ambayo Wamarekani huiita ya Bermuda haina asili ya Bermuda. Ni ya ulimwengu wa kale, Afrika ikiwemo. Ile inayoitwa ya Kikuyu ilitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki, na Marekani imeiweka katika orodha ya magugu hatari ya taifa, huku uwanja maarufu wa gofu wa Riviera huko Los Angeles ukijivunia kuwa umejaa nyasi hiyo hiyo. Gugu ni mmea uliokosa mdhamini.

Nyasi zenyewe, nadhani, zingetushangaa kama zingeweza. Mimea mingi hukulia nchani, kwa hiyo ukiikata kichwa umeiumiza kweli. Nyasi zinakulia chini, sehemu ya kukua ikiwa karibu na udongo ambako meno ya mnyama hayafiki. Zimeishi na walaji kwa mamilioni ya miaka na zimejipanga. Ukikata juu, machipukizi ya pembeni yanaamka, shina moja linakuwa matano, na hapo ndipo unapatikana ule unene unaosifiwa. Hata harufu ile inayopendwa na kila mtu baada ya kukata ni kemikali zinazoachiliwa na majani yaliyojeruhiwa. Ukikata chini mno, mizizi nayo inakuwa mifupi, nyasi zinaanza kuomba maji mara kwa mara, na mwenye nyumba anaamini ana nyasi dhaifu. Wataalamu husema usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkupuo. Watu hawasikii. Wanataka ionekane kwamba zimekatwa.

Mbolea ndiyo kichekesho. Mtu anamwaga mbolea ili nyasi zikue haraka, kisha analalamika kwamba zinakua haraka. Anakata, anazoa majani yaliyobeba mbolea ile ile aliyoinunua, anayafunga kwenye mifuko na kuyatupa, halafu anaenda kununua nyingine. Ukiacha majani yaliyokatwa yaoze pale pale, sehemu ya naitrojeni inarudi udongoni. Lakini majani yaliyosambaa yanaonekana vibaya kwa siku mbili tatu, na tumeshasema nyasi ni habari. Habari haiwezi kungoja siku tatu.

Maji ni suala zito zaidi. Mwaka 2005 mtafiti Cristina Milesi na wenzake walitumia picha za satelaiti kukadiria eneo la nyasi za bustani, viwanja vya michezo na makazi Marekani. Walipata takriban kilomita za mraba 160,000, jambo ambalo linaweza kuzifanya nyasi kuwa zao kubwa kuliko yote yanayomwagiliwa nchini humo, mara tatu ya eneo la mahindi ya kumwagilia. Zao lisilovunwa. Au tuseme linavunwa kila wiki na kutupwa.

Pamoja na yote hayo, mimi napenda kukata nyasi, na siamini insha za watu wanaojifanya hawaelewi raha hiyo. Kazi ninayofanya kutwa ni ya skrini na maneno. Jioni ikifika siwezi kumwonyesha mtu nilipoanzia na nilipoishia. Ukisukuma mashine, nyuma yako pamenyooka, mbele yako bado, na mpaka kati ya pande hizo mbili unauona kwa macho. Inatosheleza kama kumtazama mtu anayetoka kwa kinyozi. Kelele ya injini nayo inasaidia, kwa kuwa hakuna anayeweza kukusemesha. Nawashuku akina baba wengi kwamba hicho ndicho kinachowapeleka nje. Ile mistari ya kijani kibichi na kijani kilichofifia inayoonekana viwanjani haitokani na aina mbili za nyasi. Rola ya mashine inalaza majani upande ule inapokwenda na upande huu inaporudi, na mwanga unaakisiwa tofauti. Wimbledon wanakata kwa urefu wa milimita 8 wakati wa mashindano, na ninapotazama tenisi huwa natazama pia nyasi, jambo ambalo nyumbani kwangu limeshazoeleka.

Wapo wanaosema raha hii ni ya zamani kuliko mashine. Mwanabiolojia Gordon Orians ameendeleza hoja kwamba binadamu, kwa kuwa alitokea katika savana, anatulia moyoni akiona nyasi fupi na miti michache, maana hapo adui anaonekana mapema. Sehemu yake naikubali bila ubishi: nyasi ndefu mlangoni huficha nyoka na kupe, na mzazi mwenye mtoto anayetambaa hahitaji nadharia ya mageuzi kumweleza hilo. Ila savana haikuwahi kukatwa usawa mmoja, ilikuwa na maua, magugu, mavi ya wanyama na mashimo. Hoja ya Orians inaweza kueleza kwa nini tunapenda uwazi. Haielezi kwa nini ua moja la manjano katikati ya kijani linamkosesha mtu raha mpaka atoke na kisu.

Aliyenisaidia zaidi ni Joan Nassauer, mtaalamu wa usanifu wa mandhari wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1990 alionyesha kwamba watu huvumilia uoto wa porini mbele ya nyumba, hata kuupenda, mradi kuwe na dalili kwamba kuna mtu anautunza. Ukanda uliokatwa pembezoni. Ukingo ulionyooka. Kijia kilichofagiliwa. Ndani ya fremu hiyo unaweza kuacha maua ya mwituni yafike kiunoni, na mpita njia atasema bustani, hatasema nyumba iliyotelekezwa. Nilijaribu kwangu. Upande ambao hakuna anayeukanyaga nimeuacha ukue, nikanyoosha ukingo wa upana wa mashine moja kuuzunguka, na nikakata kijia kinachopita katikati bila kwenda popote. Jirani ambaye zamani alikuwa akiniuliza, kwa upole wenye sindano, kama mashine yangu ni nzima, siku hizi ananiuliza majina ya maua. Vipepeo wamekuja. Eneo lililobaki fupi ni lile ambalo watoto wanachezea na sisi tunakaa, na hilo nalikata kwa raha zangu zote, mistari na kila kitu.

Nevada, jimbo kame linalotegemea Mto Colorado, lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kupiga marufuku, kuanzia mwisho wa 2026, matumizi ya maji ya mto huo katika eneo la Las Vegas kumwagilia nyasi ambazo sheria inaziita zisizo na kazi: za kwenye mizunguko ya barabara, mbele ya ofisi, katikati ya maegesho. Nyasi ambazo mtu pekee anayezikanyaga ni yule anayekuja kuzikata. Ni kipimo kizuri, na ningependa kukiona kwingi zaidi. Lakini sheria hiyo haikugusa nyasi za mbele ya nyumba za familia, ambazo nyingi zingeanguka mtihani huo huo asubuhi na mapema. Wanasiasa wale si wajinga. Walijua kwamba ukimwambia meneja wa maegesho kuwa nyasi zake hazina kazi atahesabu bili ya maji na kukushukuru, ila ukimwambia hivyo mtu aliyesimama mlangoni kwake na mashine yake, atakuonyesha nyumba ya pili ambako mzee alilazwa mwezi mzima, nyasi zikawa ndefu, na mtaa mzima ukajua kabla ya wanawe.